Gurudumu la Nyuma Kushoto la Gari Namba Tatu

Tarehe 4, mwezi wa pili

Kwa binti yangu, kitindamimba, fundi mkuu wa karakana ya magari ya zahanati,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki. Kwanza nataka kujua: ni kweli?

Dereva wa lori la dawa kapita hapa jana kuniletea sabuni ulizonitumia. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Mzee Chuma, binti yako kaondoa girisi kwenye magurudumu ya magari yote sita. Katia mafuta." Nikamwambia huyo unayemsema si binti yangu, tafuta mwingine. Akasema ni wewe wewe, na tena umefunga na vioo. Vioo! Gurudumu lina macho?

Sikia. Mimi shule nilikaa miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo nilikuwa naumwa. Lakini beringi naijua kuliko aliyeitengeneza kiwandani. Miaka arobaini na moja nimefungua magari ya porini, yale yanayopanda mawe kama mbuzi, na sijawahi, narudia sijawahi, kuacha gurudumu njiani. Waulize. Waliokufa waulize pia.

Siri ni girisi. Girisi ni mlinzi: unamkuta palepale ulipomwacha. Mafuta ni mgeni, akiona upenyo anaaga. Sili, ule mpira wa kuzibia, ikipasuka kidogo tu huko porini, mafuta yote chini, na beringi inabaki kavu kama koo la mlevi asubuhi. Sili ikipasuka kwenye girisi, girisi inasema, mimi nipo, endesha.

Wewe mwenyewe nilikufundisha. Girisi kiganjani, beringi unaikandamiza ukingoni, unazungusha, unakandamiza, mpaka girisi ichungulie upande wa pili. Hapo umeilisha. Ulikuwa hujaweza hata kushika spana kubwa kwa mkono mmoja, na kulisha beringi ulikuwa unajua.

Nakuja. Siombi ruhusa. Nakuja na kopo langu.

Simu usinipigie. Kwenye simu maneno yanakimbia, karatasi haikani.

Salamu zimebaki chache, chukua.

Ni mimi baba yako,
Fundi wa Mafundi


Tarehe 11, mwezi wa pili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu, wamecheka mpaka mmoja akajiangushia jeki mguuni. Wanakusalimu, na huyo wa jeki anakusalimu akichechemea.

Ni kweli, baba. Magari yote sita, na nilifunga kwa mkono wangu.

Sikiliza na mimi. Magari haya yanavuka mto mara nne kwa siku. Habu, moyo wa gurudumu, imetembea mawe saa nzima, imechemka, halafu inazama kwenye maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji yapite kwenye sili. Hilo ulilijua kabla sijazaliwa. Sasa maji yakiingia kwenye girisi yanajificha humo humo. Nje pasafi, ndani beringi inaoza kimya kimya, na utajua siku imeshakufa. Mwaka jana nimezika beringi kumi na tisa.

Mafuta hayana siri. Kwenye kifuniko cha habu kuna kioo kidogo. Dereva anainama asubuhi, anatazama. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: tunamwaga, tunatia mapya, gari linaondoka. Yakipungua, sili imechoka: tunabadilisha. Na yanazunguka, baba, yanapoza. Girisi yako ikishasukumwa pembeni imekaa huko huko, hairudi.

Nimebishana na Meneja miezi saba mpaka akakubali. Siku aliyosaini aliniambia, "Gurudumu moja tu likikwama, wewe utarudi stoo kuhesabu misumari." Kwa hiyo hapa si mafuta tu yanayojaribiwa, ni mimi.

Njoo, karibu sana. Kitanda kipo, mto mgumu unaoupenda upo. Ila kopo libaki mlangoni, na mikono ibaki mfukoni. Tafadhali, baba. Usiguse.

Binti yako mtiifu, isipokuwa kwa girisi,
Fundi Mkuu


Tarehe 27, mwezi wa pili

Binti,

Nimefika nyumbani salama. Kiuno kinaniuma lakini ni kiuno cha siku zote.

Karakana yako nimeiona. Ni safi mno. Sakafu ile mtu anaweza kulalia, na fundi asiyechafuka huyo ni karani. Vioo vyako nimeviona pia. Vinafaa kunyolea ndevu. Vijana wako wananiita babu kabla sijawazoea, na yule mwenye kuchechemea alithubutu kunieleza mimi beringi ni nini. Nikamwacha amalize, nikamwambia, mwanangu, beringi ya kwanza niliyoifunga baba yako alikuwa ananyonya.

Ila gari namba tatu nimelipenda. Nimesikia ndilo linalokwenda mbali kuliko yote, ng'ambo ya mto, na ndimo anamopanda muuguzi mkuu na masanduku yake ya chanjo. Mtu kama yule huwezi kumtembeza juu ya kimiminika na kioo ukasema umemlinda. Wale wako walipokwenda kula, na wewe ulipoitwa ofisini, nilibaki na namba tatu, mimi na yeye tu, nusu saa. Nimeliachia baraka zangu. Kopo lilikuja limejaa, limerudi jepesi. Zaidi sisemi. Mvua zikipita ndipo utajua baba yako ni nani.

Mto wa kitandani ulikuwa mgumu vizuri. Asante.

Baba yako,
asiyeshindwa


Tarehe 6, mwezi wa tatu

Baba,

Shikamoo. Nimekwisha kugundua baraka zako, wala sikungoja mvua! Milango ya namba tatu ilikuwa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, sasa kimya kabisa. Dereva anasema inafunguka kama kurasa za kitabu. Kopo zima kwa bawaba nne, baba? Zimejaa mpaka zimemchafua muuguzi gauni. Amesema hakasiriki, amesema umefanana na babu yake kwa ubishi.

Nilidhani utaondoka umekasirika. Kumbe uliondoka umetengeneza milango. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mafuta ya magari yote sita yangali safi.

Binti yako


Tarehe 21, mwezi wa tatu

Kwa Mzee Chuma, Fundi Mstaafu

YAH: MAOMBI YA USHAURI WA KITAALAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 18 mwezi huu gurudumu la mojawapo ya magari yetu, lililofungwa kwa utaratibu mpya wa mafuta badala ya girisi, liligandana njiani, na safari ya chanjo ikavunjika. Kamati itakaa tarehe 14 mwezi ujao kuamua kama utaratibu huo uendelee, na kama aliyeuanzisha anafaa kuendelea na wadhifa wake.

Sifa zako zinafahamika katika fani hii. Tunaomba maoni yako kwa maandishi, bila kujali undugu wala urafiki, kuhusu kufaa au kutofaa kwa mafuta kwenye beringi za magari ya porini.

Wako katika kazi,
Meneja wa Usafirishaji


Tarehe 25, mwezi wa tatu

Kwa Meneja,

Umeuliza mtu wa kuulizwa. Ulichelewa tu.

Sikusema? Nilisema! Mafuta ni ya injini na ni ya taa. Kwenye gurudumu la gari la porini ni uzembe uliovaa miwani. Miaka arobaini na moja, bwana, magari yangu yamelala tope, yamezama, yamebebwa na mafuriko na kutemwa, na gurudumu likazunguka. Kwa nini? Girisi. Niliilisha mwenyewe kwa kiganja hiki, kama kingekuwa kinaweza kuingia kwenye bahasha ningekutumia ukakione.

Wewe unasema bila kujali undugu. Mimi nakujibu kama mwanamume: aliyebuni jambo hili, hata awe damu yangu, hajui beringi. Mpokonye spana mpe kalamu. Rudisheni girisi kwenye magari yote, na mkitaka wa kuwaonyesha, mimi nipo, macho yanaona na mikono haitetemeki.

Hii barua msiikunje ovyo. Itunzeni.

Fundi wa Mafundi


Tarehe 24, mwezi wa tatu
(imefika kwa lori, tarehe 29)

Baba,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko.

Ni namba tatu. Gurudumu la nyuma, kushoto. Lilikwama ng'ambo ya mto, kilomita kumi na nne kutoka kituo cha chanjo. Dereva anasema lilianza kunuka, halafu likapiga kelele, halafu likakataa kabisa. Muuguzi mkuu alitembea kwa miguu akiwa na sanduku moja kichwani. Mengine yalibaki garini, barafu ikayeyuka, chanjo zote zikaharibika. Watoto mia mbili walisubiri juani tangu asubuhi, mama zao wakarudi nao nyumbani.

Gari limevutwa mpaka hapa. Meneja amezungushia habu utepe wa plastiki, ameweka saini yake juu, haifunguliwi mpaka siku ya kamati. Kinachonichanganya ni kioo. Kinaonyesha mafuta yamejaa. Yamejaa, baba, na ni safi, na ndani beringi imeungua. Nalala na kuamka na jambo hilo. Magari mengine matano yamepita mto uleule, hayana hata doa.

Meneja ameshasema nikusanye vitu vyangu niende stoo. Anasubiri kamati tu ili iwe halali.

Nisaidie jambo moja. Waandikie. Wewe wanakusikiliza. Usiseme mafuta ni mazuri, najua koo lako litakataa. Sema tu kwamba binti yako hafanyi kazi ovyo. Hilo unalijua.

Binti yako


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Binti,

Barua imefika. Nina mafua. Nitajibu.

Baba


Tarehe 5, mwezi wa nne

Baba,

Jana Meneja ameniita ofisini akanisomea barua yako. Ameisoma mara mbili. Pale kwenye "hata awe damu yangu" alitua, akanitazama, akaendelea. Mafundi wangu walikuwa mlangoni wamesikia.

Nilimwambia Meneja nakubali kwamba hujui kunitetea. Nilimwambia pia kwamba sitaki stoo, na kwamba akinipeleka stoo nitakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la karakana mpaka achoke yeye. Sikulia. Nilitaka ujue hilo.

Lakini si hilo nililokaa kuandika.

Utepe umenizuia kufungua, haukunizuia kutazama. Nimechukua tochi nikalizunguka lile gurudumu. Kwenye nyuzi za boliti za kifuniko kuna girisi imejibana. Girisi nyeusi. Girisi ninayotumia mimi kwa shafti ni ya bluu, na kopo la girisi nyeusi halijawahi kuingia hapa isipokuwa mara moja.

Nilikushukuru kwa bawaba, baba. Nilikushukuru kwa maandishi.

Nakuuliza mara moja, na sitauliza tena hata tukizeeka wote wawili: uliweka nini ndani ya namba tatu?

Mimi


Tarehe 8, mwezi wa nne

Binti,

Jibu lako nimempa Meneja. Mwambie akusomee mara mbili.

Baba


Tarehe 8, mwezi wa nne

Kwa Meneja na kamati yake yote, wenye miwani na wasio na miwani,

Barua yangu ya kwanza irudisheni au muichome. Hii ndiyo barua.

Gurudumu la nyuma kushoto la gari namba tatu nililiharibu mimi. Hakunituma mtu. Binti yangu alinikataza kwa maandishi, neno lake lilikuwa "usiguse", ninayo karatasi. Nikagusa.

Nitawaeleza nilivyofanya, kwa sababu mkifungua bila maelezo yangu mtadhani ni yeye kachanganya, na yeye hachanganyi.

Walipokwenda kula nilipiga jeki. Nikafungua kifuniko chenye kioo. Mafuta nikayakinga kwenye bakuli, sikumwaga hata tone, mimi si mwizi. Nikatoa beringi ya nje, nikaifuta, nikailisha girisi kama inavyotakiwa. Halafu nikasikia sauti za watu wanarudi. Kazi yenyewe ni kuvua habu nzima ili ulishe na beringi ya ndani. Miaka arobaini na moja nimewafokea watu: vua habu! Usishindilie kwa mbele! Nimemfukuza fundi kwa kosa hilo. Na mimi, mimi huyu, nikashindilia kwa mbele. Nikajaza girisi kwa vidole katikati ya beringi mbili mpaka pakakaza, nikafunga, nikarudisha mafuta yao kwa tundu lao ili kioo kionekane kimejaa. Kisha nikapaka bawaba za milango ili mtu akisikia harufu ya girisi ajue inatoka wapi.

Sasa mnaona kilichotokea? Girisi yangu ilikuwa ukuta. Mafuta yalibaki mbele ya ukuta, yanang'aa kwenye kioo, yanawadanganya. Beringi ya ndani ilikuwa nyuma ya ukuta haina mafuta wala girisi. Imekufa kiu, na maji mlangoni.

Msije mkaandika kwamba girisi imeshindwa. Girisi haikushindwa. Ningepata saa nzima nikavua habu na kulifanya lote la girisi, gurudumu lile lingekuwa linazunguka mpaka leo. Wala mafuta hayakushindwa, naandika hivyo na mkono wenyewe haupendi. Kilichoshindwa ni kazi ya nusu. Na kazi ya nusu aliifanya Fundi wa Mafundi.

Binti yangu mrudishieni spana. Mimi nifanyeni mnavyotaka. Nina miaka sabini na sita, hamtanipeleka stoo.

Mzee Chuma,
kwa mkono wangu mwenyewe


Tarehe 10, mwezi wa nne

Kwa Mzee Chuma

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 8

Barua yako imepokelewa na kusomwa. Binti yako aliomba isomwe mara mbili, ikasomwa.

Wajumbe wawili wana shaka. Wanasema mzazi yeyote angeweza kuandika vile ili kumwokoa mwanawe. Wajumbe wengine wanaamini, lakini wanakuonea huruma. Kutokana na heshima yako, tunapendekeza kumbukumbu isomeke hivi: "Mzee huyo, kutokana na usahaulifu wa uzee, aliingia karakana na kugusa gari bila kujua alitendalo." Ukikubali, jambo litaisha kimya na utaruhusiwa kumtembelea binti yako kama kawaida.

Usipokubali, itabidi uandikwe kwamba ulifanya kusudi, na utapigwa marufuku kukanyaga eneo letu maisha yako yote.

Tafadhali chagua kwa busara.

Meneja wa Usafirishaji


Tarehe 12, mwezi wa nne

Kwa Meneja,

Usahaulifu wa uzee? Nani kasahau?

Nakumbuka ile jeki yenu inavuja. Nakumbuka spana niliyotumia ilikuwa ukutani, ya nne kutoka dirishani, na nikairudisha palepale. Nakumbuka binti yangu alivyonitazama asubuhi ile, akacheka, akasema "mikono mfukoni, baba," na mimi nikaitia mfukoni mbele yake, na nilikuwa tayari nimeshaamua. Mtu asiyejua alitendalo hafanyi hivyo. Mtu anayejua ndiye anafanya hivyo.

Na hao wawili wenye shaka nina dawa yao. Kabla hamjafungua, someni hapa kwa sauti. Beringi ya nje mtaikuta nzima, inang'aa kama ya dukani. Ya ndani mtaikuta nyeusi, imeshikana na ekseli, mtaitoa kwa patasi. Katikati mtakuta girisi nyeusi imekauka kama lami. Na pini ya kufungia nati mtakuta si pini. Pini yenu ilikatika mkononi mwangu, nikaweka kipande cha msumari, nimekikunja ncha zikatazama chini. Aibu hiyo ni yangu, binti yangu hajawahi kufunga gurudumu kwa msumari. Mkikuta hata kimoja si hivyo, basi mimi ni baba mwongo na yeye apelekwe stoo.

Mkiniandika mwehu, barua yangu inakuwa ya mwehu, na kesho kutwa atatokea mtu aseme, ushahidi wenyewe ulikuwa wa mwehu. Nimekaa na vyuma, najua boliti iliyolegezwa kwa huruma inakuja kuua mtu mbele ya safari.

Andikeni: alijua. Andikeni: alikatazwa, akafanya. Marufuku yenu ileteni, nitaisoma polepole, sina haraka.

Mzee Chuma,
mwenye akili zake timamu


Tarehe 15, mwezi wa nne

Baba,

Shikamoo.

Wamefungua jana. Meneja alisoma karatasi yako kwanza, halafu mimi nikashika spana. Beringi ya nje inang'aa. Ya ndani tumeitoa kwa patasi. Msumari ulipotoka, ncha chini, mjumbe mmoja kati ya wale wawili aliuchukua, akaugeuza geuza, akauweka mezani. Wakaenda kunywa chai.

Nimebaki fundi mkuu. Mafuta yanaendelea, magari yote sita. Nimeongeza kitu: boliti ya kila kifuniko sasa ina alama ya rangi, ikifunguliwa na mtu alama inakatika. Mafundi wanaiita "alama ya baba". Sikuwakataza.

Getini wamebandika karatasi. Imeandikwa Mzee Chuma haruhusiwi kuingia. Mlinzi ameniuliza atakutambuaje, nikamwambia utamsikia kabla hujamwona.

Sasa langu. Najua umenitetea, na najua imekugharimu. Yule anayechechemea alisema baba yako ni dume, nikamwambia nyamaza. Kwa sababu wiki iliyopita tulirudi ng'ambo na chanjo nyingine. Watoto mia mbili walikuja siku ile. Safari hii wamekuja mia moja sitini na tisa. Mama wengine wamesema hawatembei tena kutwa nzima kwa gari lisilofika. Muuguzi mkuu anawafuata nyumba kwa nyumba, kwa miguu.

Mimi bado nimekasirika. Sitaki uniandikie kwamba girisi ingekaa. Sijui nitakasirika mpaka lini. Ikiisha nitakwambia.

Binti yako


Tarehe 2, mwezi wa tano

Binti,

Kasirika. Umerithi kwangu, huwezi kuishiwa haraka.

Karatasi ya getini nimeletewa habari zake na dereva wa lori. Nimemuuliza herufi ni kubwa au ndogo. Kasema kubwa. Vizuri. Watu wengine wamefanya kazi maisha yao yote hawajaandikwa popote.

Watoto thelathini na mmoja. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe, usinipigie. Nimeiandika ukutani karibu na kitanda kwa mkaa. Kila muuguzi anapompata mmoja niandikie, nifute. Usiniandikie jina wala habari nyingine, niandikie tu "mmoja".

Mafuta sijayakubali. Usije ukaenda kutangaza. Nimekubali kwamba wewe hukukosea, na hayo ni mambo mawili tofauti, mwenye akili ataona.

Sasa kuna haja. Jirani yangu mchoma matofali kaniletea pikapu lake, beringi za mbele zimekwisha, analia. Anabeba matofali bondeni, anavuka kijito, mawe kila mahali. Nataka unitumie kwa lori sili moja nzuri ya mafuta, ya namba niliyoandika nyuma ya karatasi hii, na kifuniko kimoja chenye kioo. Kimoja. Usije ukajifanya umesikia viwili. Gurudumu la kulia nitalifunga kwa mafuta kama ulivyofunga wewe, na unieleze vizuri nijaze mpaka wapi, kwa sababu sitaki kusikia baadaye kwamba nilikosea kusudi. La kushoto nitalifunga kwa girisi yangu, habu imevuliwa, beringi zote mbili zimeshiba. Halafu atembee. Tutaona nani ni nani.

Mwenye pikapu nimemkalisha chini jana kabla sijagusa hata nati. Nimemweleza yote: huku mafuta, huku girisi, huku kioo utazame kila asubuhi, na gurudumu lolote likipata joto usimame, utembee kwa miguu, uje kuniita. Nikamweleza na habari ya namba tatu, tangu jeki mpaka msumari. Alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Sasa mzee, mimi najua matofali tu. Mambo yote haya unaniambia mimi ya nini?"

Nikamwambia, "Gari ni lako."

Baba yako